Kinga ya Ndeshi

Kazi ya Silantoi ilikuwa simu. Alikuwa mratibu wa safari katika kampuni ndogo ya utalii mjini Arusha. Dereva akikwama kwenye tope huko porini, anampigia Silantoi. Mgeni akiachwa na ndege, anampigia Silantoi. Mpishi akigundua kambini kwamba gesi imeisha, naye vilevile. Tangu asubuhi mpaka jioni simu ilikuwa kwenye sikio la kulia, ameibana kwa bega huku vidole vikichapa kwenye kompyuta. Wenzake ofisini walikuwa wakimtania kwamba akifa azikwe na chaja.

Kwa hiyo mlio ulipoanza kwenye sikio hilohilo, mwembamba, kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa, hakuhangaika sana. Alidhani ni uchovu. Baadaye akaanza kupepesuka akiinuka kitini. Kisha siku moja Bariki, mumewe, alimnong'oneza jambo kanisani akiwa amekaa upande wake wa kulia, na Silantoi hakusikia hata neno moja.

Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, ndani ya fuvu. Wakamwandikia rufaa kwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji.

Ilikuwa msimu wa wageni. Bariki alikuwa dereva wa watalii, yupo Serengeti, mahali ambapo mtandao hushika ukipanda juu ya mwamba tu. Aliyefunga biashara yake akapanda basi na Silantoi ni Ndeshi.

Ndeshi alikuwa Mmeru wa Poli. Walikutana kidato cha kwanza wakalala kitanda cha juu na cha chini kwa miaka yote ya shule. Ndeshi ndiye aliyesimama na Silantoi siku ya harusi, na Silantoi ndiye mama wa ubatizo wa mtoto wa pili wa Ndeshi. Waliimba kwaya moja, sauti ya pili wote wawili. Ndeshi alikuwa na duka la vifaa vya simu Themi: makava, vioo, waya, spika. Mdomo wake ulikuwa mwepesi na mteja hakuwa akitoka mikono mitupu. Silantoi alimpenda kuliko dada zake wa damu, na alikuwa akilisema hilo bila kujificha.

Siku moja kabla ya upasuaji, daktari alikuja kitandani. Alikuwa mtu mpole wa Tanga, jina lake Dokta Abdulrahim, akavuta kiti akakaa kabisa, si kama wale wanaosema wakiwa wamesimama mlangoni.

"Daktari," Silantoi alimwuliza, "ni simu, sivyo? Mimi nimeishi na simu. Na uvimbe uko sikio hilohilo."

Daktari hakucheka. "Kila mtu ana upande anaowekea simu, na uvimbe nao lazima uwe upande mmoja. Ungekuwa kushoto ungeniletea sababu nyingine. Uvimbe huu si saratani. Hukua polepole, pengine kwa miaka mingi, na kwa watu wengi hatujui unaletwa na nini. Watu walikuwa wanaupata kabla simu hizi hazijakuwepo. Utafiti umefanyika, mkubwa tu, na mpaka sasa haujaonyesha kwamba simu ndiyo inayouleta. Kuna wanaoendelea kuchunguza wanaotumia sana, kwa miaka mingi, na ni sawa waendelee. Ukiwa na wasiwasi, tumia spika au waya wa masikioni. Lakini nikikuambia simu ndiyo iliyokufanya hivi, nitakuwa nakudanganya."

Alipoondoka, Ndeshi alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika mkono. Mkono wa pili ulikuwa na simu.

"Nikurekodi kidogo," alisema. "Nitawatumia wanakwaya wajue wakuombee nini."

Silantoi akakubali. Akaeleza kila alichoambiwa na daktari, neno kwa neno, kwa sababu alikuwa mtu wa kupokea maelezo na kuyafikisha. Alipomaliza, woga ukamzidi. Alikuwa amenyolewa nywele upande mmoja, na kesho yake watu wangemfungua kichwa. Akaanza kulia.

"Lakini mimi moyoni naona ni simu tu, Ndeshi. Simu ndiyo imeniharibu. Jamani, iogopeni simu. Niangalieni mimi."

"Basi, basi, mdogo wangu," Ndeshi alimbembeleza, ingawa walikuwa na umri mmoja. Machozi yalikuwa yakimtiririka yeye pia.

Upasuaji ulifanikiwa, kwa maana kwamba Silantoi aliamka. Sikio la kulia halikusikia tena. Upande huo wa uso ulilegea: jicho halikufunga vizuri, mdomo ukavutwa chini, na kila alichokunywa kilichuruzika kidevuni. Ndeshi alimlisha uji kwa kijiko. Alimfuta, alimwogesha, alimpaka mafuta kwenye jicho ili lisikauke. Muuguzi mmoja aliuliza kama walikuwa ndugu, na Ndeshi akajibu, "Zaidi."

Waliporudi Arusha, Silantoi alijifungia nyumbani kwake Kwa Mrombo. Pamoja na maneno yote ya daktari, hakutaka simu yake ya zamani imkaribie. Alimpa Bariki, naye akamnunulia kitochi cha kupiga na kupokea tu, ambacho alikiacha juu ya kabati la vyombo. Hakujua yaliyokuwa yakiendelea kwenye makundi ya WhatsApp na wala hakutaka kujua. Ndeshi alikuja kila Jumapili baada ya ibada, akamweleza nani kaimba vibaya na nani kagombana na nani, akamchekesha mpaka mdomo uliopinda ukauma.

Wageni wengine walikuja pia. Wengi walimtazama usoni kwa namna iliyomshangaza, kama watu waliokuwa wamekwisha kumwona. Mama mmoja wa usharika alimshika mikono akamwambia, "Mungu akubariki kwa ujumbe wako." Silantoi alidhani ni ule ujumbe wa maombi. Akashukuru.

Alipopata nguvu, alitaka kumwona mama yake. Bariki alimpeleka Kisongo asubuhi moja yenye upepo, vumbi limetanda mpaka Mlima Meru hauonekani. Mama yake alikuwa akiishi kwenye boma la Lemomo, kaka mkubwa wa Silantoi, aliyekuwa na ng'ombe wachache na shamba la mahindi na maharage. Bariki akawashushia mfuko wa sukari, akawasalimia, akaondoka kwenda kuchukua wageni wake uwanja wa ndege, hapo jirani.

Mama alimpapasa uso, polepole. Kisha akaenda jikoni kumwandalia loshoro, makande ya maziwa ya mgando.

Lemomo alitoka zizini. Alimsalimia dada yake, akakaa, na Silantoi akaona kwamba anageuza kichwa kizima ili kumtazama, kama kuku anayetafuta punje.

"Jicho lina nini?"

"Hili la kushoto lina ukungu. Litapona. Kichwa kimeshapungua." Akatoa simu mfukoni akaiweka juu ya meza. Nyuma yake palikuwa na kibandiko cha duara, cha rangi ya dhahabu, chenye mchoro wa ngao.

"Hicho ni nini?"

Lemomo alimtazama kama mtu anayechezewa. "Kinga. Ya mionzi. Si wewe uliyetuambia?"

"Mimi nilisema nini?"

"Silantoi. Video yako."

Alipoona kwamba dada yake hatanii, akaifungua simu, akatafuta, akampa.

Silantoi alijiona. Alikuwa kwenye kile kitanda cha Dar, kichwa nusu kimenyolewa. "Simu ndiyo imeniharibu. Jamani, iogopeni simu. Niangalieni mimi." Kisha ikaja picha nyingine, ya baada ya upasuaji, amelala mdomo wazi, uso umeporomoka, ute kidevuni. Hakuwa akijua kwamba alipigwa picha hiyo. Hata kioo kwa siku zile alikuwa amekataa kuletewa. Juu ya picha ilisikika sauti anayoijua kuliko sauti yoyote ya rafiki: "Dada yetu Silantoi alianza hivihivi. Kichwa kuuma, kizunguzungu, macho kuona ukungu. Usisubiri yakufike. Bandika kinga kwenye simu yako leo. Tupo Themi, Arusha, na mikoani tunatuma."

Akaiangalia tena. Akalitafuta neno la daktari, hata moja. Halikuwepo.

"Macho," alisema. "Mimi sikuumwa macho hata siku moja."

Lemomo aliichukua simu akaigeuza, kibandiko chini.

"Kaka, niambie yote."

Akamweleza. Kabla ya mavuno, wauguzi walikuja kanisani kupima watu presha baada ya ibada. Yake ilikuwa juu, wakamwambia aende zahanati akaanze dawa. Alikuwa amejiandaa kwenda. Ndipo video ikaingia kwenye kundi la usharika, na yeye kichwa kilikuwa kinauma, na jicho limeanza ukungu. Akampigia Ndeshi kumwuliza, kwa sababu Ndeshi alikuwa mtu wa nyumbani, amekula kwenye boma lile tangu akiwa msichana.

"Akakujibu nini?"

"Alisema punguza kuongea na simu, weka kinga, subiri mwezi uone. Alisema nikikimbilia hospitali watanifanya walichokufanya wewe. Watanipasua kichwa, nirudi nikiwa hivyo." Akaonyesha uso wa dada yake kwa kidevu, kisha akaona aibu akatazama pembeni.

Mama aliingia na bakuli, akaziona nyuso zao. Aliuliza kwa Kimaa kuna nini.

Silantoi hakula. Alimsimamisha kaka yake vilevile alivyokuwa, na gambuti miguuni, wakaenda kituo cha afya. Muuguzi alimpima mara ya kwanza, akambadilishia mkono, akampima tena, kisha akamwita daktari bila kuwatazama. Walimpa dawa hapohapo, na siku iliyofuata wakampeleka mjini kwa mtaalamu wa macho. Mtaalamu alisema mshipa nyuma ya jicho umeziba kwa sababu ya presha. Angefika mapema wangeweza kuizuia presha kabla haijafika huko. Sasa watamtibu ili lisiharibike zaidi, lakini asitegemee jicho hilo litarudi kama zamani.

"Kwa hiyo si simu?" Lemomo aliuliza.

"Si simu, mzee wangu," mtaalamu alijibu. "Ni presha."

Kutoka hapo Silantoi alikwenda Themi peke yake. Duka la Ndeshi lilikuwa limepanuka na kuchukua chumba cha jirani. Ukutani palikuwa na bango, na kwenye bango uso wake, ule wa kabla ya ugonjwa, wa siku ya harusi, ukitabasamu kando ya ule ulioporomoka. Binti aliyekuwa kaunta alimtazama, akalitazama bango, akaingia ndani mbio.

Ndeshi alitoka amefungua mikono. "Mdogo wangu! Umetoka! Mungu ni..."

"Uliniambia ni kwa ajili ya maombi."

Mikono ikashuka. Ndeshi akaufunga mlango wa kioo wa duka.

"Na waliomba. Niliwatumia wanakwaya, wakalia wote. Mtu akaituma kwingine, watu wakaanza kuja dukani wanauliza, tufanyeje, tujikinge vipi? Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia alichosema daktari. Nilikisema chote. Ulikuwa umenishika mkono."

"Daktari alisema hatujui. Hatujui, bado wanachunguza, mpaka sasa haijaonyesha. Nani anasikiliza hatujui, Silantoi? Watu wanataka kitu cha kushika."

"Kwa hiyo ukakata."

"Niliifupisha. Na yale maneno si umeyasema wewe? Nilikuwekea mdomoni?"

Silantoi alihisi jicho lake bovu likitoa machozi, lile linalotoa machozi bila kuulizwa, akalifuta kwa hasira. "Nilikuwa naogopa. Nilikuambia wewe. Sikuuambia mkoa mzima."

Ndeshi akasema kwa sauti ya chini, "Niliacha duka wiki nzima kwa ajili yako. Nilikuogesha."

"Najua. Ndiyo maana sikuwahi kujiuliza simu yako ilikuwa ikifanya nini."

"Kinga haimdhuru mtu. Hata isipomsaidia, haimdhuru."

"Lemomo amepoteza jicho."

Ndeshi hakuelewa. Silantoi akamweleza, taratibu, kama alivyokuwa akiwaelekeza madereva njia: presha, zahanati, video, simu aliyompigia, na jibu alilompa. Alipofika kwenye yale maneno, watakupasua kichwa urudi ukiwa kama Silantoi, alijigusa shavu lililolegea.

"Uliutumia uso wangu kumtisha kaka yangu asiende kutibiwa."

"Sikujua kama ana presha! Hakuniambia habari za presha!"

"Hukumwuliza."

Ndeshi alishika ukingo wa kaunta. Alisema atalitoa bango, na video ataifuta, ingawa ilishasambaa na hawezi kuifuata kila ilikokwenda. Silantoi alisubiri neno lingine. Ndeshi alikuwa akiutazama mlango, kwa kuwa wateja wawili walikuwa wamesimama nje. Silantoi akafungua mlango, akawapisha wakaingia, akaondoka.

Jumapili iliyofuata alimwomba mchungaji wa Kisongo nafasi wakati wa matangazo. Hakuwa amesimama mbele za watu tangu augue. Mdomo ulimsumbua kwenye herufi nyingine, hivyo alikwenda polepole. Aliwaambia video ilikatwa. Aliwasomea kwa kichwa alichosema Dokta Abdulrahim, pamoja na zile hatujui zake zote. Akawaambia kibandiko kile hakijathibitishwa na mtu yeyote anayemjua, na kwamba mwenye kichwa kinachouma au macho yenye ukungu aende akapimwe.

Mzee mmoja wa kanisa akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, binti yetu, simu ni salama au si salama? Tuambie neno moja."

"Shikamoo, baba. Neno moja sina," Silantoi alisema. "Waliochunguza hawajaona kwamba inaleta uvimbe kama wangu. Hawajamaliza kuchunguza. Mkiogopa, ongeeni kwa spika. Hilo ndilo ninalolijua."

Alisikia minong'ono, kwa sikio moja. Baadhi walivitoa vibandiko palepale. Wengine walivificha viganjani, na nje ya kanisa alimwona mama mmoja akikikandamiza chake vizuri kwa kidole gumba ili kisibanduke. Watu wachache walimrekodi akizungumza. Bariki alifuatilia kwa wiki kadhaa na hakuikuta video hiyo kwenye kundi lolote. Ile ya zamani aliendelea kuikuta. Moja ilikuwa na sauti ya mwanaume asiyemjua, akiuza kinga za aina nyingine kutoka mji mwingine, na uso wa mkewe uleule.

Silantoi alirudi kazini. Alipewa dawati la kona na spika ya kuweka mezani, na mara kwa mara alimshika mgeni akimwangalia mdomo. Ndeshi alipiga mara nyingi. Hakupokea.

Kisha, siku moja ya mvua ndogo, alikuwa Kisongo amempelekea Lemomo dawa zake, aliposikia gari likisimama nje ya boma. Ndeshi akaingia. Alikuwa amekonda, amejitanda khanga kama mtu aliyekuja msibani. Alimwamkia mama, mama akaitikia kwa ufupi. Akapiga magoti mbele ya Lemomo, kwenye sakafu ya saruji, akalia. Alisema biashara ya vibandiko ameifunga. Alisema hakulala vizuri tangu siku ile. Alisema, "Kaka, nilikuua jicho."

Lemomo aligeuza kichwa chake kizima akamtazama kwa jicho zima.

"Inuka," alisema. "Na mimi ni mtu mzima. Wauguzi waliniambia niende, miguu ninayo, sikwenda. Inuka, dada. Umekula hapa miaka mingi. Mama, mpe chai."

Mama alisita, kisha akamimina chai.

Ndeshi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akageuka kumtafuta Silantoi, macho yamevimba, na katika macho hayo Silantoi alimwona yuleyule: wa kitanda cha chini, wa sauti ya pili, wa kijiko cha uji. Hakuna kilichobadilika usoni pake. Hilo ndilo lililomshinda. Alikuwa amedhani kwamba mtu aliyemfanyia vile angekuwa na uso mwingine.

"Mdogo wangu," Ndeshi alisema.

Silantoi aliinuka. Kaka yake alikuwa amesamehe, na jicho lilikuwa lake kulisamehe. Lakini ile siku ya Dar ilikuwa yake yeye, ile ya kushikwa mkono, na kila alipoirudia sasa hakuuona tena mkono uliomshika. Aliuona ule wa pili, wenye simu.

"Kunywa chai, Ndeshi," alisema. "Isipoe."

Akachukua ungo wa maharage ya mama yake, akatoka nao barazani, akakaa akichambua, mvua ikinyesha, mpaka aliposikia gari likiondoka.